Mtungi wa Baba Jikoni

Sisi tuliokulia Ruiru mwanzoni mwa miaka ya hamsini hatukuwa na bahati ya vijana wa leo. Mjukuu wangu anapika bia kwenye fleti yake kwa kipimajoto, mizani na video za mzungu mwenye ndevu, na ikiharibika analaumu maji ya kaunti. Baba yangu alikuwa na kidole. Alikitumbukiza kwenye uji wa mtama, na kikivumilia mpaka ahesabu kumi, basi uji ulikuwa tayari kutiwa kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa, likasagwa.

Ila alikuwa ameacha. Alipobatizwa, mtungi wake wa pombe ukawa kiota cha kuku, naye akapewa benchi ya mbele kanisani, jambo alilotukumbusha kila siku kana kwamba hatukuwa na macho. Kisha kaka yangu Njoroge akampenda Wangari wa Theta. Baba yake Wangari hakuwa na maneno mengi. "Mkikuja na chai," alisema, "mtakunywa wenyewe." Desturi haikuwa na mjadala: pombe ipikwe nyumbani kwa kijana, na msichana aionje mbele ya wazee. Asipoionja, hakuna ndoa.

Miwa, ambayo kwetu ndiyo iliyopikiwa pombe ya posa, ilikuwa imekauka mwaka ule, kwa hiyo Baba akarudia pombe ya nafaka, aliyojifunza kambini kwenye shamba la mkonge huko Thika. Kuku akahamishwa bila notisi. Sisi wasichana tuligeuza wimbi chini ya gunia bichi, likatoa harufu ya shamba lililonyeshewa, nami naipenda harufu hiyo mpaka leo. Lakini kidole cha Baba kilikuwa kimezoea kufungua kitabu cha nyimbo. Kilihesabu mpaka kumi kwa imani tu, uji ukiwa bado moto mno, kimea kikaungua, na baada ya kazi ya siku nyingi tukapata uji mtupu. Tuliunywa siku tatu huku tukimsifu.

Mara ya pili joto lilikuwa sawa, na uji ukawa mwepesi na mtamu kama inavyotakiwa. Baba akauficha mtungi ghalani, nyuma ya mahindi, ili mwalimu wa dini, jirani yetu, asisikie harufu. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai ya Ruiru haina huruma. Siku tano zikapita bila povu hata moja, kisha ukaota ukungu. Safari ya Theta ilibakiza wiki moja. Njoroge aliacha kula, na wakati ule kijana kukataa githeri kulikuwa ugonjwa mkubwa.

Mama alikuwa akimenya viazi. "Baba Njoroge," alisema, "ni pombe unaficha, ama ni uso wako?"

Baba alipika upya, na mtungi wa tatu akauweka jikoni, kando ya mafiga, kama kila mtu mwenye akili alivyofanya tangu zamani. Siku ya pili ulikuwa ukitoa povu, na harufu imefika barabarani. Mwalimu wa dini, ambaye Mungu alimjalia pua, akaja kutusalimia bila kualikwa. Jumapili iliyofuata Baba alihamishiwa benchi ya nyuma na kuzuiwa meza ya Bwana.

Kule Theta, Wangari alipokea pembe ya pombe, akanywa, akampa baba yake. Mzee akameza polepole. "Hii imeiva," akasema. Baba yangu alitazama chini, na nikaona kwamba analia.

Leo pombe ya posa inanunuliwa kwa kreti, tena baridi, na mzazi anabaki kwenye benchi yake. Baba alikaa kwenye ile ya nyuma mpaka tukamzika, na kila Jumapili Njoroge na Wangari walikaa naye. Mimi nina watoto wanne, nawapenda wote, na sijui kama yupo ambaye ningemfanyia vile.