Kinga Iliyozimwa Wakati wa Matanga

Siku mama yake alipofariki kule Bogoro, Anselme alimwachia Serge funguo za chumba cha mitambo pamoja na neno la siri la swichi. Hakufikiri mara mbili. Walikuwa mafundi wawili wa hospitali moja ya misheni mjini Bunia, waliimba sauti moja katika kwaya, na Serge ndiye aliyemsimamia siku ya ndoa yake.

“Enda uzike mama yetu, kaka,” Serge alimwambia. “Huku miye niko.”

Swichi ile iliunganisha simu za mezani na kompyuta za hospitali nzima, na Anselme aliipanga kwa mkono wake. Sauti za simu alizitengea njia yao, zipite mbele ya kazi za kompyuta, ili mkunga akimwita daktari maneno yasikatike. Kisha aliwasha kinga ya mzunguko. Kebo ikichomekwa vibaya, hata ujumbe wa swichi ukairudia yenyewe, tundu lile hujifunga papo hapo. Bila kinga hiyo, ujumbe huzunguka na kujizidisha mpaka njia zote zinajaa, na simu zinakuwa bubu. Tundu la ofisi ya Serge lilijifunga mara nyingi, maana alikuwa na haraka na kebo zake. “Swichi yako iko ananionea,” alizoea kulalamika, na wote wawili walicheka.

Matanga yalipokwisha, Anselme alirudi kazini akiwa bado na nguo nyeusi. Mkunga Musoki alimdaka mlangoni.

“Papa Anselme, simu zimekufa! Nimekimbia na miguu mpaka bloc ya upasuaji kumuita docteur, mama iko anavuja damu. Ni Mungu tu amemuponya!”

Anselme alichukua funguo zake mezani kwa Serge, akaenda moja kwa moja kwenye mitambo. Kinga ilikuwa imezimwa. Akatazama ni tundu gani linalofurika, akaifuata kebo yake mpaka ofisi ya Serge. Nyuma ya kabati palikuwa na kisanduku kidogo cha kugawa mtandao, na kebo moja ilikuwa imechomekwa humo kwa ncha zote mbili. Akachomoa ncha moja. Simu zikaanza kulia jengo zima.

Papa Félicien, mkurugenzi, akawaita wote wawili.

“Siye tumehangaika tangu asubuhi, Serge ameshindwa. Weye umeingia tu, umejua kebo iko wapi. Umejua namna gani?”

“Ni miye nilipanga swichi, Papa.”

“Ndio vile Serge ametuambia. Uliondoa kinga mbele ya kuenda matanga, ukasahau kuirudisha. Kinga ingekuwa, kebo ya ofisi yake haingeua simu.”

Anselme alimgeukia rafiki yake. “Serge, sema.”

Serge alitazama viatu vyake. “Miye sikugusa kitu, directeur. Mot de passe, lile neno la siri, iko ya kwake. Lakini tumuhurumie. Alikuwa na mawazo ya mama yake.”

Hapo ndipo Anselme alipoumia. Kisanduku angeweza kukisamehe, na uongo pia. Lakini mama yule alimpikia Serge mara ngapi, akamwita mwanangu, na leo kifo chake kinafanywa kisingizio?

“Papa, mot de passe nilimwachia yeye,” alisema.

“Na sheria inakataza kumupa mutu. Basi umekosa mara mbili. Acha funguo hapa.”

Anselme aliomba jambo moja tu, arudishe kinga kabla ya kutoka, kwa ajili ya akina mama wa maternite, wodi ya wazazi. Akaketi, akaiwasha tundu kwa tundu, akabadilisha neno la siri na kumpa mkurugenzi peke yake. Serge alisimama mlangoni, na Anselme akampita bila kumtazama.

Jumapili, Serge alimwekea nafasi kando yake katika kwaya, kama siku zote. Anselme akakaa nyuma kabisa, kati ya watu. Walipofika kwenye Baba Yetu, alisali pamoja na wote, kwa sauti, mpaka mahali pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo midomo yake ilifungika. Wengine walimaliza, wakasema amina, naye bado alikuwa amesimama palepale, akimwomba Mungu amvushe neno lile moja.