Matairi ya Mama Mkwe

Sikuondoka Kibondo kwa kupenda kutembea. Mke wangu Jeneroza alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza kwa upasuaji, hawezi kuinama wala kuinua ndoo, na kila alipogeuka kitandani alimtaja mama yake. Mama yake anaishi mlimani, nje kidogo ya Muyama. Goti lake ni bovu, na wakati wa masika hakuna gari wala bodaboda inayofika kwake. Inayofika ni pikipiki yangu ya magurudumu manne, niliyoinunua mnadani mradi mmoja wa nyuki ulipofunga ofisi, na ambayo huwa nabebea ndoo za asali. Majirani wanaiita Chura.

Tatizo ni kwamba mama mkwe alikwisha kumkataa Chura. Masika iliyopita nilimpakia kumpeleka zahanati, na kwenye kilima cha kwa katekista tukateleza kinyumenyume hadi kwenye migomba, watu ndiyo wanatoka kanisani. Mama alinikumbatia kiunoni kwa mikono miwili asianguke. Hakuumia. Alishuka, akajifunga kitenge upya, akatangaza mbele ya waumini wote kwamba matairi yale yana vipara na hatayapanda tena. Safari hii tulipompigia simu, jibu lilikuwa lilelile: anatamani sana kumwona mjukuu, ila matairi.

"Basi nenda kanunue matairi," Jeneroza aliniambia. "Na usirudi na matairi peke yake."

Kesho yake asubuhi nilimwachia jirani ufunguo wa jiko, nikashika njia ya Kasulu. Kwenye lami matairi yale ya zamani hayakuwa na kosa lolote, yalitembea taratibu kama bwana harusi. Nilipita Busunzu, nikanywa chai Makere, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mama mkwe atakapoona matairi mapya. Maneno yalikuwa mengi na yote yalinisifu mimi.

Kasulu mjini nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Shabani, muuza spea. Amezaliwa Kasulu na kukulia Kasulu, lakini babu yake alitoka Pangani, kwa hiyo huzungumza kana kwamba ameshuka huko jana.

"Nataka matairi ya kupanda matope," nilimwambia.

"Matope yapo tele, ndugu yangu. Unampandisha nani?"

"Mama mkwe."

Aliacha kutabasamu. "Hapo tusifanye utani. Subiri."

Alitoka stoo na matairi manne manene, mapana kuliko yangu, yenye meno marefu kama vidole vya mtoto. Fundi wake aliyafunga akiangalia mshale uliochorwa ubavuni, maana ukiyafunga yakitazama nyuma hayang'ati. Upepo akatia kidogo tu, ili tairi lilale kwenye ardhi na kuishika. Bwana Shabani alizunguka Chura mara moja, akatikisa kichwa.

"Yamezidi madigadi. Yatakurushia tope mpaka mgongoni. Nikutafutie madigadi mapana?"

"Tope linafulika," nilimjibu, kwa haraka ya kuondoka.

Kutoka Kasulu, Chura alikuwa mnyama mwingine. Kwenye lami matairi yalivuma kama mzinga wa nyuki uliogongwa, usukani ukawa mzito, na nikikata kona kali tairi la mbele lilikwaruza plastiki. Lakini nilipoiacha lami, nikapita palipokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila na kushika njia ya Buhigwe, udongo mwekundu ukaanza na meno yakaanza kazi. Kusema kweli nilijisahau. Palipokuwa na njia kavu na njia ya tope, nilichagua tope. Mama mmoja aliyebeba kuni alisimama kunitazama nikipita dimbwi moja mara mbili, akaniuliza nimepoteza nini humo.

Jioni niliwasili kwa wakwe. Mama alitoka hadi mlangoni, akanisalimu kwa upande bila kunitazama usoni, nami nikainama nikiwa mbali kama inavyotakiwa.

"Mwakeye, mkwe."

"Mwakeye, mama."

Alimzunguka Chura, akabonyeza meno ya tairi kwa ncha ya fimbo, moja baada ya jingine. Kisha akamgeukia shemeji yangu Zabroni, kitinda mimba wake, ingawa mimi nilikuwa palepale. "Mwambie mkwe matairi haya ni mazuri sana. Mwambie pia goti langu linanisumbua. Tutaona kesho."

Kesho ikaja na mvua, basi mama akasema mvua. Mvua ikakatika, akasema kuna kuku anaatamia. Mchana Jeneroza alipiga simu, nikasikia mtoto analia, halafu nikagundua na yeye analia. Niliumia sana. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu kilichozunguka kwenye ile mashine, na mama bado amekaa jikoni.

Zabroni alinikuta nikimwosha Chura kwa hasira. Akacheka, kama mashemeji wanavyochekana.

"Shemeji, mama akipanda hapo nyuma anashika nini?"

"Ananishika mimi."

"Ehe. Hebu sema tena, polepole."

Nilisema tena, polepole, na masikio yakaanza kupata moto. Mimi ninayempisha mama mkwe njiani, nisiyekula mbele yake, nilikuwa nimembeba amenikumbatia kiuno mbele ya kanisa zima. Adabu zote nilizijua. Nilidhani tu kwamba hazihusu mashine.

"Siku ile hakuna aliyeangalia matairi yako," Zabroni alisema. "Akina mama wa jumuiya walimtania mpaka akabadilisha njia ya kwenda kisimani."

"Mbona hakusema?"

"Aseme nini? Kwamba amemkumbatia mkwe? Akasema matairi."

Pale ukutani lilisimama gunia la maharage ambalo mama alikuwa amemwandalia binti yake aliyejifungua. Zabroni alilinyanyua, akalisimamisha katikati ya kiti cha Chura, akalikaza kwa mipira ya tyubu. "Atashika hili. Maharage hayana ukwe na mtu."

Mama alichungulia dirishani. Akaingia ndani, akatoka na mwavuli na begi. Begi lilikuwa limefungwa tangu jana.

Tuliondoka polepole, mimi mbele, maharage katikati, mama nyuma. Bwana Shabani hakukosea: tope liliruka juu ya madigadi likatupiga wote, mimi, gunia na mikono iliyolishika. Kwenye kilima cha kwa katekista nilitia gia ndogo. Katekista mwenyewe alikuwa shambani anapalilia. Meno yaling'ata, Chura akapanda, lakini katikati ya kilima gunia lililalia nyuma, na mara nikahisi mkono umenikamata bega, mkavu na wenye nguvu. Sikugeuka. Katekista aliinama akapalilia kwa bidii sana. Tulipofika juu mkono ukaondoka.

"Matairi mazuri," mama aliyaambia maharage.

"Ndiyo, mama," nami nikaijibu barabara.

Kasulu nilimpandisha basi la Kibondo. Alikaa ubavu kwa ubavu na mfanyabiashara mnene wala hakujali, kwa kuwa yule si mkwe wake. Mimi na gunia tulifuata, tukivuma.

Nilipofika nyumbani, mama alikwisha kuoga, mtoto yuko mapajani mwake. "Nilishika maharage mwanzo mwisho," alikuwa akimwambia Jeneroza. Niliwapita kwenda kutua gunia jikoni, na Jeneroza akaniona mgongo. Kwenye bega la shati langu kulikuwa na kiganja cha tope jekundu, vidole vyote vitano, kimekauka vizuri. Jeneroza alikitazama, akamtazama mama yake aliyeinamia mtoto, kisha akacheka huku ameshika mshono. Tangu atoke hospitali hakuwa amecheka.

"Vua hilo shati kabla majirani hawajaja," aliniambia.

Basi nilichojifunza ni kwamba kwetu mtu akilalamikia matairi, kaangalie kwanza kiti. Maharage tumeyala. Gunia nimelijaza pumba na kulifunga tena juu ya Chura, maana siku moja mama atataka kurudi kwake. Juzi alilizunguka na fimbo yake, akasimama, akamwambia mjukuu aliye mgongoni: "Mwambie baba yako hili gunia amelifanya refu mno."

Safari hii sikuuliza kwa nini. Nilipunguza pumba mpaka gunia likashuka chini ya bega langu.