Mifuko ya Ndani ya Gauni la Yudithi

Satini iliyolowa maziwa ya mama ina harufu yake. Haisikiki mpaka pasi ya moto ipite juu yake, ndipo inapanda, tamu kidogo, chachu kidogo. Niliinusa nikiwa na miaka kumi, barazani kwetu Ipagala, na hata leo nikipita penye mafundi wanaopiga pasi huwa naharakisha hatua.

Fundi wa magauni ya harusi mtaani kwetu alikuwa mama yangu. Walimwita Mama Tabitha, na Tabitha ni mimi. Meno yangu ni ya kahawia, kama ya watoto wengi wa huku tuliokulia maji ya visima. Nawaambia mapema kwa sababu kisa chenyewe kilianzia hapo.

Yudithi alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwetu, mrefu, mzuri, na uzuri wake alikuwa anaujua. Alichumbiwa na mfanyabiashara wa samaki wa Mtera, na mama akanishonea gauni la njano ili niwe mmoja wa watoto wa kumwaga maua siku ya harusi. Yudithi alipokuja kutukagua alinishika kidevu, akanifunua mdomo kwa kidole gumba kama anayechagua mbuzi mnadani.

"Huyu tumwache tu, Mama Tabitha," alisema. "Picha zinakaa miaka."

Mama akacheka kidogo, kile kicheko cha fundi mbele ya mteja. Kiliniuma kuliko kidole cha Yudithi. Gauni langu likapunguzwa mabega, akapewa mtoto wa jirani.

Gauni la bibi harusi lilinunuliwa na upande wa bwana harusi, kama ilivyo desturi, nalo lilikuja bila mikono wala mikanda. Kila Yudithi alipoinua mkono lilishuka, na sidiria ya kawaida ingeonekana mabegani. Mama akafumua bitana ili ashonee vikombe vya sponji humo humo ndani, na vijiti vyembamba vya plastiki ubavuni vya kulishikilia. Alimpima kifua asubuhi. Jioni, kabla ya kukata, alimpima tena kama alivyozoea, na futi ikaonyesha inchi mbili zaidi. Hakumwuliza kitu mbele yangu. Alinituma dukani kununua uzi mweupe, na uzi mweupe ulikuwa umejaa kwenye kopo lake la nyuzi.

Yaliyosemwa nyuma ya ule mlango nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima. Yudithi alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, amemwacha Chemba kwa mama yake. Mchumba alikuwa Mtera zaidi ya mwaka mzima bila kuja, na Yudithi aliaga mjini kwamba anakwenda kuuguza mzazi. Maziwa yalikuwa hayajakauka. Mawifi wakijua, harusi imekwisha. Basi mama akatengeneza mfuko ndani ya kila kikombe, akatia vitambaa vya nepi vilivyokunjwa mara nne ili vinywe kitakachotoka, na vikilowa vibadilishwe.

Mimi niliviona vitambaa tu. Nikajiambia kifua cha Yudithi ni cha kutengeneza, na anayenicheka meno naye ana chake cha kuchekwa.

Mawifi walikuja Alhamisi kuliona gauni mwilini, maana aliyenunua lazima aone kabla ya siku yenyewe. Wifi mkubwa alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mama akanituma chumbani nilete gauni. Nilitia vidole kwenye mifuko, nikatoa vitambaa vyote, nikaviweka kwenye meza ya cherehani vimekunjwa vizuri, kama mtu aliyesahau. Nilitaka kifua kibonyee mbele yao, wacheke. Sikutaka zaidi ya hapo, ingawa nilichotaka nacho kilikuwa kibaya.

Kifua hakikubonyea. Sponji ilisimama imara, gauni likamkaa mpaka wifi mkubwa akamsifu mama, nami nikanuna mlangoni. Kisha yule mtoto akaamka na njaa. Alilia, na mama yake hakuharakisha, alikuwa bado anapapasa lesi ya mgongoni. Mtoto akalia zaidi. Kwenye satini yakatokea madoa mawili, kwanza kama vifungo, halafu kama visahani. Yudithi akakumbatia kifua.

"Toa mikono, wifi," alisema wifi mkubwa.

Akamfungua mtoto mgongoni na kumweka mikononi mwa Yudithi. Kichanga kikageuza uso, kikaanza kutafuta titi juu ya kitambaa. Wifi alikitazama kitambo, hakukichukua.

"Na wako yuko wapi?"

"Chemba," alisema Yudithi.

"Basi vua."

Alivua pale pale, mbele yetu sote, na mtoto akiwa bado analia. Niliona titi lake likidondosha maziwa sakafuni, na sitawaficha ninyi, nilifurahi. Sikuelewa ninachokiona, ila nilielewa kwamba Yudithi amepata aibu.

Walitaka gauni lao lirudi safi. Mama alilifua mara tatu, akalipiga pasi barazani, na kila pasi ilipopita harufu ile ilipanda. Aliviona vitambaa mezani. "Nilivisahau," alisema, hakuwa anamwambia mtu. "Nimemwangamiza mtoto wa watu." Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, nikanyamaza. Yudithi alirudi Chemba, na mama hakushona tena gauni la harusi.

Miaka mingi baadaye nilijifungua. Siku moja sokoni mtoto wa mtu alilia, na blauzi yangu ikalowa kabla sijageuka kumtafuta aliko. Nilisimama penye nyanya za watu, nimekumbatia kifua. Jioni ile ndipo nilipomwuliza mama habari za Yudithi, naye akanieleza yote, na akajilaumu upya. Nilikuwa na nafasi ya kusema, sikusema.

Sasa mama ni mzee, anashona sare za shule tu. Kila nguo akiimaliza huigeuza, anapapasa ndani mshono kwa mshono, kisha ananipa.

"Niangalizie, Tabitha. Mimi ni msahaulifu."

Naiangalia. Namwambia hakuna alichosahau.