Mama Halo Abonyeza Tano

Kwa miaka ishirini na miwili, kila aliyepiga simu katika kampuni ile ya mizigo alipokelewa na Mama Halo. Wengi hawakuwahi kumwona. Walimjua kwa sauti tu, nzito kidogo asubuhi, laini baada ya chai ya saa nne. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, lakini akifumba macho aliwaona watu wote wa ghorofa tatu wamekaa mbele yake, kila mmoja na waya wake.

Jambo moja lilimkera. Waliopunguzwa kazi walipopiga kuulizia haki zao, afisa utumishi alimwagiza, "Waambie sipo." Naye akasema hayupo, huku anamsikia ghorofani akicheka. Basi wakamweleza yeye: walitia sahihi karatasi inayosema wameacha kazi kwa hiari, wakatoka mikono mitupu. Sauti zile alikwenda nazo nyumbani.

Siku moja afisa akamshukia na tabasamu pana. "Mama, tunataka sauti yako kwenye mashine ya simu. Nani anayo kama wewe?"

Kichwa kikamvimba, tusimfichie. Akasoma mbele ya kinasa sauti: Karibu sana. Kwa maghala, bonyeza mbili. Kwa afisa utumishi, bonyeza tano. Wiki mbili baadaye akaitwa ghorofani. Nafasi yake imefutwa, mashine inatosha.

"Weka sahihi hapa mama yangu, ukapumzike."

Akaisoma karatasi. Kwa hiari yangu mwenyewe. Binti yake alibakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi, na ada ilitoka kwenye mshahara huu. Akairudisha kalamu mezani.

"Mimi sijaacha kazi, mwanangu. Mmenipunguza. Niandikie hivyo hivyo, na notisi ya mwezi, na malipo ya miaka yangu yote."

Afisa akakunja uso, akaandika. "Notisi utaitumikia. Siku moja usionekane, nahesabu umetoroka."

Akaitumikia. Waya zilishakatwa, lakini kila asubuhi alivaa visikizio vyake akakaa mbele ya ubao wa simu uliokufa. Ndani ya visikizio mlivuma kitu kidogo, kama maji yanayokaribia kuchemka, na katika uvumi ule watu wakaanza kuja. Dereva aliyepiga kuuliza kama mkewe amejifungua. Mzee aliyekosea namba kila Ijumaa, naye akamwacha akosee. Wakaja na wale aliowaambia afisa hayupo. Akawaunganisha wote, vidole vikitembea juu ya vitufe visivyowaka, asijue kama yu macho au amelala. Ulikuwa mwezi mtamu, na ulimuuma.

Siku ya kumi na tisa homa ikambana. Mumewe, fundi viatu, akamsindikiza hadi getini amemshika mkono.

"Ukianguka je, mke wangu?"

"Nitaangukia kazini."

Siku ya mwisho akavifuta visikizio, akavitundika. Malipo, wakamwambia, baada ya wiki mbili. Zikapita tatu. Alipokwenda kuulizia, mlinzi akasema afisa hayupo, na Mama Halo akajua kabisa neno lile linavyotamkwa.

Akarudi nyumbani, akapiga simu. Mlio mmoja, kisha mwanamke mwenye sauti laini: Karibu sana. Alisahau alichopigia. Akamsikiliza hadi mwisho, akamwonea huruma, yuko peke yake mle chini ya ngazi. Kisha akabonyeza tano.

"Halo?" Afisa mwenyewe. Hapakuwa na mtu katikati.

"Ni mimi," akasema. "Barua ya notisi ninayo mkononi, ina sahihi yako. Nije saa ngapi kuchukua haki yangu?"

Kwa mara ya kwanza mtu yule hakuwa na wa kumtuma.

"Njoo... njoo kesho saa nne."

Mumewe alikuwa ameanza kucheka, lakini Mama Halo hakuiweka simu chini. Namba za wale wote waliopunguzwa kazi bado zilikuwa kichwani mwake. Akaipiga ya kwanza.

"Ni Mama Halo wa kampuni. Nilikudanganya, nisamehe. Piga tena, ubonyeze tano. Yupo."