Nilivyokata mkono wa Mama Ngoie kwenye picha ya wachimbaji

Wakuu, salamu toka Kolwezi. Mwenzenu hapa, mwenye diploma ya shule ya jioni yenye mhuri mkubwa kuliko sahani, niliamini kabisa kwamba mwanamke akisogelea shimo la shaba, jiwe linakimbia.

Si utani. Linahama chini kwa chini, linaibukia Kasaji huko.

Siku mke wangu aliponiletea bukari, ugali wetu wa huku, nikiwa nahoji wachimbaji shimoni, nilimpungia asimame umbali wa nusu kilometa.

Haya, hapo nimetia chumvi kidogo. Mengine yote ni kweli.

Kazi yangu ni freelance. Naandika historia ya pembeni, kama nani aliwapikia mafundi wa reli Mutshatsha.

Gazeti moja la Lubumbashi likanipa ukurasa mzima, mara yangu ya kwanza. Mada: wanaume waliochimba shimo la zamani hapa kwetu.

Karani mmoja mstaafu akaniazima picha. Wanaume mbele ya lundo la mawe, vifua mbele. Pembeni kuna kikapu na mkono wa mtu.

Niliona vinaharibu picha. Nikavikata.

Siku mbili kabla ya kuchapwa, nikaenda kujigamba kwa Mama Ngoie, jirani yangu muuza mkaa. Akaiangalia picha.

“Na mukono yangu, uliipeleka wapi?”

Nikatoa ile nzima ya karani. Mkono wa pembeni ulikuwa na bangili ya shaba. Bangili hiyo hiyo alikuwa ameivaa!

Akaanza kuwataja wanawake wenzake watano wa pale shimoni, wengi marehemu. “Ukibaacha, hakuna mutu atajua kama tulikuwaka pale.”

Nami msomi nikabisha. “Lakini Mama, mwanamke akikaribia, si jiwe linakimbia?”

Alicheka hadi mteja akaweka gunia chini. Jibu lake nawawekea mwishoni.

Nikampigia mhariri. “Tata, mzee wangu, simamisha ukurasa.”

“Nikisimamisha, ukurasa yako inaenda kwa tangazo ya simenti.”

Roho iliniuma, wakuu. Nikasema, “Iende.”

Ikaenda. Ukurasa wangu wa kwanza ukawa mifuko ya simenti. Mke wangu akanunua gazeti hivyo hivyo, akabandika ukutani, mbaya huyu.

Miezi ikapita, wakanipa nusu ukurasa. Picha nzima, majina sita. Mama Ngoie hakutaka nimsomee habari. Alitaka majina tu, mara tatu.

Nilichojifunza: kabla hujakata picha, mtafute mwenye mkono.

Nanyi huko kwenu, uvumi gani unaficha kazi za watu? Mwageni hapa, na mkinicheka, chekeni kwa sauti.

Jibu la Mama Ngoie lilikuwa hili:

“Jiwe haiko na miguu, mutoto yangu. Ile yote ilitoka mu shimo, ni sisi tuliibeba ku kichwa.”