Kiapo cha Mlangoni

Mama mkubwa Sikuzani alikuwa na kazi mbili ambazo hakuna mwanamke mwingine pale Chole ya Kisarawe aliyezitaka: kuosha maiti wa kike, na kumtukana Kitwana Pazi mbele za watu. Ya kwanza aliifanya kwa ajili ya Mungu. Ya pili ilikuwa haki yake, maana ukoo wetu na ukoo wa kina Kitwana ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Atakuchukulia kuku mchana kweupe. Atakuita kichwa cha kifuu mbele ya wakwe zako. Na wewe utacheka, kwa sababu ukikasirika umeshindwa.

Mimi Mwanahalima ni mtoto wa mdogo wake. Mama yangu alipofariki, Sikuzani ndiye aliyenilea, na hata nilipoolewa niliolewa jirani naye, kwa hiyo ninayoyasema siyasemi kwa kusikia. Wapo wanaoisimulia habari hii kama kichekesho. Mimi hainichekeshi hata kidogo.

Yeye hakuzaliwa Chole. Kwao ni Kongowe, upande wa Kibaha, na huko kulikuwa na kijito alichochezea utotoni. Wakaja wakata kuni, wakafyeka kilima chote kilichokuwa juu ya kile kijito, kuni zikaenda mjini. Kijito hakikufa siku moja. Kilipungua, kikarudi wakati wa masika, watu wakafurahi, kikapungua tena, mwishowe ukabaki mchanga na watoto wakawa wanachezea mpira mle ndani. Wazee wake wakahama na vyombo kichwani. Kwa hiyo alipoolewa Chole, wenzake walitazama nyumba ya mume, yeye aliuliza maji yako wapi.

Maji yalikuwa Mkuyuni. Ni kisima cha bondeni, chini ya mkuyu mkubwa, na juu yake kwenye mteremko palikuwa na kipande cha msitu wa mikongo na mivule, kimeshonana hata jua la mchana halipiti. Ulikuwa unasimama juu ya mzizi wa mkuyu, unainama kidogo tu, unachota kwa kata yako na mtungi unajaa huku mnazungumza. Sisi hatukuwahi kufikiria kama yale maji yana mwanzo au mwisho. Sikuzani alifikiria kila siku. Kila alfajiri alishuka kabla ya watu, akatia kata, akatazama maji yamefika wapi kwenye ule mzizi. Akirudi nilikuwa najua kwa uso wake kabla hajasema neno.

"Mama, hicho kisima kitakuua kwa mawazo," nilimwambia siku moja.

"Mwanangu, maiti mmoja anakunywa mitungi mingapi?" akanijibu. "Nyie mnachota maji ya ugali. Mimi nachota maji ya kumpeleka mtu kwa Mola wake. Yakikosekana nitamwosha mtu kwa mate?"

Basi vita vya Hitla vikaisha, na Dar es Salaam ikaumuka kama unga uliotiwa hamira nyingi. Kila aliyekwenda huko alitaka kupika, na wapikaji wa mjini hawataki kuni, moshi unawaharibia kuta. Wanataka mkaa. Kitwana akaona riziki. Hakuwa mtu mbaya, na nisimseme uongo kwa kuwa nina hasira naye. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mkubwa wa mwili, na akikucheka unajikuta na wewe unacheka. Alianza na miti ya shamba lake. Ikaisha. Akaingia vichakani. Vikaisha. Msitu wa serikali ulikuwa na walinzi, hakuthubutu. Ndipo akapandisha shoka Mkuyuni, kwenye ule mteremko ambao haukuwa wa serikali wala wa mtu, na kisicho na mwenyewe kila mtu ni mwenyewe.

Siku tulipoona moshi wa tanuru la kwanza unatoka kule, mama mkubwa aliacha mtama kinuni akaondoka. Mimi nikamfuata kwa wasiwasi. Tulimkuta Kitwana na wasaidizi wake wanafukia magogo kwa majani na udongo.

"Shikamoo, bibi kizee," akasema Kitwana. "Umekuja kuposwa?"

"Marahaba, kichwa cha kifuu. Nimekuja kukwambia uzime. Hii miti ndiyo inayoshika maji ya kisima. Ukiimaliza, kisima kinakauka."

Kitwana akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mtani wangu ananionea gere mkaa wangu. Bibi, nikupe gunia ukaoshee maiti?"

Wakacheka wote, wakashika viuno. Mama mkubwa akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba hatanii. Wakacheka zaidi. Na hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka, kwa sababu niliona jambo ambalo yeye bado hakuliona. Miaka yote alimtukana Kitwana kwa mzaha. Sasa alikuwa na neno la kweli, na hakuwa na mdomo mwingine wa kulisemea.

Akaenda kwa jumbe, Mzee Mwinyimadi. Alimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka. Jumbe akasikiliza kidogo tu, halafu akatabasamu.

"Sikuzani, mimi kesi za watani sipokei. Leo nikimtoza Kitwana, kesho mtanikuta mimi ndiye mjinga, nyie mnakula pamoja."

"Jumbe, hii si kesi ya utani. Ni kisima."

"Haya, nimesikia," akasema, naye bado anatabasamu.

Kwenye nyumba za jirani nako alipita. Wanawake walimsikia, wakaitikia, lakini waume zao walikuwa wanamkatia Kitwana magogo, na watoto walikuwa wamevaa kanga mpya na mashati mapya. Nani atamwambia mumewe aache? Nami usingizi ulinipaa. Nikilala naota kata inagonga mawe.

Mwaka uliofuata mvua za vuli hazikutosha. Ule mzizi wa mkuyu ukawa juu sana, tukawa tunashuka kwa kukanyaga vidato alivyochimba Sikuzani kwa jembe lake. Maji yalikuwepo, ila yalikuwa machache na yalichukua muda kujaa, mnakaa mnayasubiri. Hatukuzungumza tena kisimani. Kila mmoja alikuwa anatazama kata ya mwenzake.

Ndipo akafariki Bi Mwanaamina, mama yake Kitwana. Sikuzani alimwosha vizuri, kwa maji ya kutosha, akamtia kafuri, akamvika sanda. Hakuwa na chuki na marehemu. Lakini wanaume walipoinua jeneza wakitaka kutoka nalo, walimkuta amejilaza mlangoni kwa urefu wake wote.

Watu wakafurahi. Hiyo ni desturi yetu, msiba bila watani haunogi. Mtani hujilaza njiani, maiti hapiti mpaka mtani apewe chake, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Kitwana akaagiza kuku. Sikuzani akamkataa kuku. Akaletewa jogoo. Akamkataa jogoo.

"Anataka mbuzi!" akapaza sauti mtu mmoja.

"Sitaki mbuzi," akasema mama mkubwa, bado kalala. "Nataka Kitwana aape mbele ya mama yake huyu kwamba Mkuyuni hatakata tena hata fito."

Kicheko kilichoanguliwa pale, nadhani na marehemu alikisikia. Kitwana, macho mekundu kwa kulia, naye akacheka. Akainua mkono juu ya jeneza. "Haya, naapa. Hata fito. Ondoka mlangoni, mchawi wewe, mama yangu anachelewa."

Sikuzani akainuka. Akajipangusa vumbi. Wote walikuwa wanamsifu kwa utani ule mpya, na yeye peke yake, maskini, alikuwa anamshukuru Mungu. Jioni ile alikula wali kwa mara ya kwanza tangu zamani. Akaniambia, "Ameapa juu ya maiti wa mama yake, Mwanahalima. Hakuna anayevunja kiapo kama hicho."

Arobaini ilipopita, moshi ukatoka Mkuyuni.

Nilifika kabla yake, kwa hasira, na tumbo la mimba yangu ya kwanza mbele. "Kitwana, uliapa!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, hilo nalo siwezi kumnyima. "Niliapa kwa mtani! Mlangoni pa msiba! Wewe mtoto, umeona wapi kiapo cha utani kikawa kiapo? Mwenyewe alikuwa anachekesha watu." Nikageuka nyuma nikamwona mama mkubwa amesimama kwenye njia. Hakumtukana. Tangu siku ile hakumtukana tena, na watu wakasema amezeeka, utani umemwisha.

Wazee walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Mivule ikaisha, mikongo ikaisha. Masika ilipokuja ilishuka na udongo wote wa mteremko, mwekundu, umechanganyika na makaa, ukajaa kisimani. Tukauzoa, tukachimbua. Kiangazi kilipoingia, kata ikagonga mawe kama katika ndoto yangu. Mkuyu wenyewe ukapukutika. Ikawa lazima tuende kwenye bwawa la mbali, mwendo wa kuondoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, maji yenyewe ya kijani, yananuka, ng'ombe wa watu na nguruwe pori wote humo humo. Mwanangu alikuwa mchanga. Nilichemsha, nikachuja kwa kanga, nikachemsha tena, na bado nilionja mimi kwanza kabla ya kumnywesha.

Mwezi ule watu wakaanza kuhara. Watoto kwanza, akiwemo mjukuu wa Kitwana. Halafu mama mkubwa. Alilala siku chache tu. Siku yake ya mwisho aliniuliza kama nimeshuka Mkuyuni, na maji yamefika wapi. Nikamdanganya. Nikamwambia yamerudi kidogo, yamegusa mzizi. Akanitazama, akajua.

Alikufa asubuhi ya joto kali. Kijiji kizima kilikuwa na mtungi mmoja wa maji safi, yaliyoletwa kutoka Kisarawe, nayo yalikuwa ya wagonjwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema tusiwanyime walio hai, dini ina wepesi wake, maji yakikosekana maiti anatayamamishwa kwa udongo. Nikatoka uani kutafuta udongo safi. Kila nilipokwangua palikuwa na vumbi la mkaa. Nililazimika kuchimba nyuma ya nyumba kwa kisu mpaka nikaupata udongo usio mweusi. Nikaupiga kwa viganja vyangu, nikampaka uso, nikampaka mikono. Mwanamke aliyeosha nusu ya mabibi wa Chole, yeye hakupata hata kata moja. Nililia kwa uchungu na kwa ghadhabu, sikujua kipi ni kipi.

Wanaume wakainua jeneza. Mlangoni wakamkuta Kitwana amejilaza.

Watu wakatazamana, nyuso zikalainika. Ilikuwa zamu yake, yeye ndiye mtani wa marehemu. Walikuwa na kiu na huzuni, wakahitaji kucheka.

"Nidai, mtani," akasema Kitwana pale chini. "Amka unidai. Niliapa. Nidai kiapo chako." Machozi yalikuwa yanachuruzika mpaka masikioni. "Sitoki hapa mpaka unidai."

Wakaangua kicheko. Wakasema lo, Kitwana fundi, angalia anavyolia kabisa. Jumbe Mwinyimadi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanzu. Kitwana akageuza uso huku na huku, akiwatafuta watu macho. "Jamani, sitanii," akasema. Wakacheka zaidi.

Macho yake yakanifikia mimi. Mimi nilijua. Katika uwanja ule wote ni mimi peke yangu niliyejua kwamba yule mtu analia kweli, na kwamba neno langu moja lingewanyamazisha. Nikatazama mikono yangu, ina udongo bado. Nikasema moyoni, naye aonje.

Mtu mmoja akaenda kumkamatia kuku.