Siku Dada Alipousalimia Ukumbi

Juzi nilikuwa nimekaa saluni hapa mtaani kwetu Kanyosha, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima, televisheni ikaanza kuonyesha tamasha moja la Ulaya. Umati kama wa misa ya Pasaka, taa za kila rangi, na katikati ya jukwaa mwanamke mmoja mfupi anarap kwa Kirundi chetu kana kwamba hana haja ya kuvuta pumzi. Msusi akakiacha kichwa changu. "Uyu si ni wa hapa kwetu?" akauliza. Nikamwambia ni wa hapa hapa, tena ni dada yangu wa tumbo moja. Akanitazama usoni, akazitazama kandambili zangu, akaendelea kusuka. Hakuniamini, wala sikumlaumu.

Wewe utaniamini, maana nitakueleza tangu mwanzo.

Miaka ile ya vita mimi nilikuwa shule ya msingi. Usinionee huruma mapema. Watoto tulikuwa na raha zetu. Jua likianza kushuka nyuma ya milima ya Kongo, kila mtu alikimbilia nyumbani, kwa sababu kulikuwa na amri ya kutotembea usiku, na mlango ukishafungwa hakuna wa kutoka. Risasi zilisikika huko milimani. Baba, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alitutuliza kwamba risasi uliyoisikia imeshapita. Mama alipika maharage kwa mafuta ya mawese na ugali wa muhogo, na siku ndagala zikipatikana, nyumba ilinukia samaki mpaka kwenye mashuka. Humo ndani, tumebanana bila pa kukimbilia, ndimo dada alimojifunzia kazi yake.

Mwalimu wake alikuwa bibi. Vita vilipofika kwake mlimani, bibi alihamia kwetu na mkeka, jembe na salamu. Sasa hiyo salamu ndiyo nataka uielewe. Kwao, wanawake wawili waliopoteana wakikutana hawasemi "habari" wakapita. Wanashikana mikono, mmoja anaanza kuimba maneno kwa kasi: umeamkaje, watoto wazima, ng'ombe wazima, wazee wazima, amani ipo. Mwenzake anapokea humo humo, sauti juu ya sauti, mpaka hujui nani anauliza na nani anajibu. Inaitwa akazehe. Ufundi wake wote uko kwenye pumzi: anayepokea asivute pumzi pale anapoivuta aliyeanza, ili sauti isikatike hata kidogo.

Mjini bibi alikosa wa kumpokea. Alijaribu kwa jirani yetu, mama mmoja wa Uvira, upande wa Kongo, aliyekuwa anauza vitenge. Masikini mama wa watu, alibaki ameshikwa mikono akisema "eh, eh, asante mama" mpaka mwisho. Walipendana sana wale wawili, lakini salamu haikuwa salamu. Bibi alikuwa na msemo wake: salamu isiyopokelewa inarudi kulala na njaa tumboni mwa mwenyewe. Basi jioni, mlango umefungwa, alimkamata dada.

Na dada wakati huo alikuwa na wazimu wa rap. Aliisikiliza kwenye redio ya baba, ambayo betri zake tulizianika juani pamoja na mihogo ili zipate nguvu kidogo. Akaichukua salamu ya bibi, akaipigia bidoni, lile dumu tupu la maji, akaongeza kasi, akatia na maneno yake mwenyewe: bei ya sukari, foleni ya bombani, mwalimu anayesinzia darasani. Bibi alidhani mtoto anajifunza adabu. Dada alijua anajifunza rap. Wakaendelea hivyo miezi na miezi, na sisi wengine tukajifunza kulala na kelele.

Asiyefurahi alikuwa baba. Yeye alishapanga dada aende shule ya masista akawe muuguzi. Ndipo redio ikatangaza shindano la rap katika ukumbi mmoja wa vijana, Jumamosi mchana. Mshindi angerekodi wimbo studioni. Dada aliomba, akalia, akafua nguo za nyumba nzima bila kutumwa, mwishowe baba akakubali kwa sharti.

"Utaenda mara moja tu," alisema. "Wakikukataa, sitaki tena kusikia bidoni mu nyumba yangu. Utaenda kwa masista na utanyamaza."

Dada akakubali. Kuanzia hapo hakula vizuri. Hata mchuzi wa majani ya lengalenga, aliokuwa akiupigania, alinisukumia mimi.

Wa kumpokea jukwaani alikuwa rafiki yake wa mtaa wa Carama, ambaye bibi alikuwa amemfundisha pia. Jumamosi ilipofika, askari walikuwa wamefunga barabara ya upande ule, rafiki hakuweza kupita. Tulikuwepo mama, mimi, na bibi, aliyetufuata kwa sababu hakupenda kubaki peke yake. Alikaa nyuma karibu na mlango. Nadhani aliona ni kwaya fulani ya vijana wasiojua kuvaa.

Wavulana walitangulia, suruali zinaburuzika, wakarap Kifaransa huku wanatembea kama wamechomwa na mwiba. Wakapigiwa makofi. Kisha dada akapanda na gauni lake la kanisani, akatazama mlangoni mara ya mwisho, akaanza peke yake. Salamu ikatoka upande mmoja tu. Pale mwenzake alipotakiwa kuingia pakawa kimya, na vijana wakaanza kucheka. Dada akaanza upya. Nilianza kulia, kwa sababu nilijua nyumbani kwetu kelele ile nzuri inakwisha siku hiyo.

Hapo bibi akasimama. Mtoto amesalimu, na ukumbi mzima umekaa kama watu wasio na mama. Akaingia pale pale dada alipovuta pumzi, akaanza kushuka katikati ya viti huku anapokea, kitenge kinafagia sakafu, mpaka jukwaani, akamshika mikono. Dada akaongeza kasi, bibi naye akaongeza. Dada akatia bei ya sukari, na bibi akaipokea bei ya sukari kwa heshima zote. Watu wakapanda juu ya viti. Mama, ambaye hata harusini alikuwa mtu wa kukaa na mkoba mapajani, alipiga kigelegele.

Waamuzi walichanganyikiwa. Mmoja wao, bwana mwenye miwani, akashika maikrofoni. "Samahani, mama. We umejiandikisha?"

Bibi alikuwa ameokota Kiswahili chake kwa mama wa Uvira. "Mi sikuja kushindana," akamwambia. "Mutoto amenisalimia. We ungekaa kimya?"

"Apana, mama," yule bwana akasema. "Singekaa."

Hata hivyo sheria ni sheria. Ushindi akapewa kijana mmoja aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lile. Tulirudi nyumbani, na dada mwenyewe akalitoa bidoni nje.

Lakini fundi mitambo wa redio alikuwa amerekodi kila kitu. Jumatatu wakaipiga ile salamu, Jumanne wakairudia kwa sababu watu waliomba. Wiki haikuisha watoto wa Kanyosha walikuwa wanaiimba, na wa Kinama, na hata wa Kiriri kwenye magari ya baba zao. Mitaa iliyokuwa inaogopana ilikuwa inasalimiana bila kujua. Baba aliisikia shuleni, walimu wenzake wakiigongea meza. Alirudi jioni na betri mpya za redio, akasimama mlangoni.

"Mbona bidoni iko inje?" akauliza. "Itaibiwa."

Dada alilirudisha ndani kwa mikono miwili.

Mengine unayajua, au utayasikia. Studio, Kigali, Dar es Salaam, kisha Brussels na miji ambayo mama hadi leo anaitaja vibaya kwa makusudi. Wazungu waliandika kwamba ana pumzi ya ajabu, wakamuuliza alisomea wapi. Aliwajibu Kanyosha, sebuleni.

Bibi alishatutoka. Vita viliisha, amri ile ikaondolewa, mama wa Uvira akarudi kwao. Sisemi miaka ile irudi, Mungu aiweke huko huko. Lakini wasichana wetu siku hizi wanasalimiana kwa kidole gumba kwenye simu, na mlimani kwa bibi sijamsikia mwanamke akishikwa mikono akaulizwa habari za ng'ombe wake. Hilo linaniuma.

Mwaka jana dada alikuja likizo. Jioni tumekaa uani, mlango wazi, akanishika mikono akaanza. Maneno yote nilikuwa nayo. Pumzi sikuwa nayo. Niligongana naye mara ya kwanza, mara ya pili, tukaishia kucheka mpaka machozi. Tulipotulia, hakuniachia mikono.

"Wanajaa ukumbi wote," akasema. "Wanapiga makofi, wengine wanalia. Lakini hakuna mutu hata moja anajua kunipokea."

Nikamwambia aanze tena.